Mzamiaji wa Timboni Hatoshwi na Elimu ya Baharini

Kata ya Gatongora, huko Ruiru, iko mamia ya kilomita kutoka Mombasa, ila maji ya kuua yako karibu. Ruiru, Juja na Thika zimechimbwa mawe ya ujenzi kwa miaka mingi, na timbo likishaachwa, mvua hulijaza. Mtu akizama humo, mara nyingi wanaotangulia kuingia ni vijana wa mtaa, wakitegemea pumzi zao tu.

Elimu ya kushuka majini na kurudi salama ilianzia kwa mbuzi. Mskoti John Scott Haldane aliwafungia mbuzi kwenye chumba cha hewa iliyoshindiliwa, na mwaka 1908 akachapisha majedwali ya kumpandisha mzamiaji kwa hatua. Akikurupuka juu, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mtungi wa hewa wa kuzamia ulipata umaarufu baada ya 1943, pale Wafaransa Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walipounda kifaa cha kumpa mzamiaji hewa kila avutapo pumzi.

Kozi za uokoaji zilikuja baadaye, na hapo kuna ufundi wa kupendeza. Aliyeingiwa na kiwewe majini hafuatwi kwa mbele, maana atakukumbatia mzame wote. Unazunguka nyuma yake, unashika valvu ya mtungi wake, unaubana mtungi kwa magoti, kisha unalijaza hewa jaketi lake la kuelea. Aliyezimia unampulizia pumzi kila sekunde tano huku ukimvuta na kumvua vifaa.

Kwetu Kenya, masomo yameandikwa kwa misiba. Feri ya Mtongwe ilipinduka Aprili 1994, watu 272 wakafa. Kikosi cha walinzi wa pwani kilizinduliwa Novemba 2018. Hata baada yake, Septemba 2019 gari liliteleza kutoka feri ya Likoni likiwa na mama na bintiye. Lilitolewa siku ya 13, kutoka kina cha mita 58 hivi, ilhali mbizi za burudani hukomea mita 40. Wazamiaji wa Afrika Kusini walikuja kusaidia.

Masomo hayo ni ya baharini. Lakini Ruiru iko takriban mita 1,500 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa huku ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita. Kwa hiyo mita 20 za timboni huhesabiwa kwenye majedwali kama karibu mita 24 za baharini. Hesabu hizo za nyanda za juu zilifanyiwa kazi kubwa na daktari Albert Bühlmann wa Uswisi, nchi isiyo na bahari kabisa.

Ndiyo maana naona kijana wa Gatongora anayepelekwa Mombasa kusomea uokoaji amalizie mafunzo yake huku nyumbani: ajue majedwali ya mwinuko, na azoee kutafuta kwa kamba, akipapasa duara baada ya duara, kwenye tope ambamo hata kiganja chake hakioni.