Karantini Haimfungi Nzi

Mwishoni mwa Januari 2024, vikundi vya mafundi vilianza kupita nyumba kwa nyumba katika mji wa Redlands, jimbo la California, vikichuma machungwa kwenye miti ya uani. Hawakuchagua. Bichi na bivu, zima na lililooza, yote yaliangushwa, yakatiwa mifukoni na kupakiwa kwenye malori. Zaidi ya nyumba 2,000 zilikuwa katika orodha yao. Redlands ni mji uliokua kwa kilimo cha machungwa, na sasa wenyeji walisimama barazani wakitazama miti yao ikibaki majani matupu kwa sababu ya nzi wa urefu wa milimita 8 hivi, ambaye wataalamu humwita Bactrocera dorsalis. Eneo lote lilikuwa limewekwa karantini.

Msomaji wa Kiswahili akikutana na habari hiyo, picha ya kwanza inayomjia ni ya watu waliofungiwa ndani. Redlands hakufungiwa mtu. Watoto walikwenda shule, wazazi kazini, magari yaliingia na kutoka. Nzi naye hakufungiwa, kwa maana ana mabawa na hakuna ukuta wa kumzuia. Kilichofungiwa ni tunda. Chungwa la uani liliruhusiwa kuliwa pale pale lilipochumwa. Kumpelekea shangazi wa mji wa pili lilikuwa kosa. La kutupwa lilipaswa kufungwa katika mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, na kuingia kwenye pipa la taka za kawaida, si kwenye taka za bustani zinazogeuzwa mboji.

Hapo ndipo neno karantini linapohitaji kuangaliwa upya.

Asili yake inajulikana. Mwaka 1377 mji wa bandari wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru watu waliotoka katika maeneo yenye tauni wakae kando kwa siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye muda huo ukawa siku 40, na kutoka neno la Kiitaliano la arobaini Ulaya ikapata jina la desturi hiyo. Mswahili hahitaji kufundishwa uzito wa hesabu hiyo. Mama aliyejifungua hukaa ndani arobaini, kisha hutolewa. Msiba nao una arobaini yake. Mtu angeweza kudhani kwamba Kiswahili kingelitafsiri neno hilo kwa urahisi kikaita hali hiyo arobaini. Hakikufanya hivyo, na ni vyema, kwa sababu arobaini yetu tayari ilikuwa na kazi nyingine ya heshima. Neno likaingia kama lilivyo, likavikwa irabu ya mwisho, na likakaa. Kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambacho watalii hukiita kisiwa cha jela, kilitumika hasa kama kituo cha karantini cha wasafiri wa meli, na majengo yake yangali yamesimama.

Sarufi ya neno hili nayo ina la kusema. Watu husema mtu "amewekwa karantini", bila kiambishi cha mahali, kama wasemavyo "amepelekwa hospitali" au "amefungwa jela". Yaani sikio la Kiswahili limelipokea kama jina la mahali penye mlango. Mwaka 2020, Uviko-19 ilipoingia, maelfu ya wasafiri waliowekwa katika hoteli na mabweni kwa siku 14 waliithibitisha picha hiyo. Kwa mkazi wa mjini, karantini ikawa chumba.

Mfugaji analijua neno kwa njia nyingine. Ugonjwa wa miguu na midomo ukizuka, afisa mifugo hutangaza karantini, na maana yake haina chumba wala mlango: mnada unafungwa, ng'ombe hawavuki mpaka wa wilaya, na anayetaka kusafirisha mnyama lazima awe na kibali. Ng'ombe wanaendelea kulisha katika malisho yale yale. Kilichosimamishwa ni safari. Hii ndiyo maana ambayo sheria za mimea zinaihitaji, na inafaa isemwe wazi kwamba katika jambo hili mchungaji ana Kiswahili kilicho karibu zaidi na sayansi kuliko mwandishi wa habari wa mjini.

Kwa nini safari ya tunda ndiyo inayotisha, na si ya nzi mwenyewe? Jibu liko katika maisha ya mdudu huyu. Jike hutoboa ganda la tunda na kutaga mayai ndani yake. Mayai yanakuwa mabuu, wale ambao kila mla embe anawaita funza, na funza hula nyama ya tunda kutoka ndani huku ganda kwa nje likionekana zima, pengine na kidoa kidogo tu. Wakishiba hujitupa chini, huzama udongoni na kuwa mabuu bwete, kisha nzi mpya hutoka ardhini. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake. Kwa mabawa yake huenda umbali fulani. Ndani ya embe lililowekwa kwenye mkoba wa msafiri huvuka bahari. Tunda ndilo chombo chake, na mwanadamu ndiye nahodha bila kujua.

Kwa hiyo kazi huanza na mitego. Dume wa Bactrocera dorsalis hawezi kuipinga harufu ya methili eujenoli, mafuta yanayopatikana pia katika mimea ya kawaida, na tone lake ndani ya mtego humvuta kutoka mbali. Nzi mmoja akinaswa, mitego huongezwa kulizunguka eneo. Ushahidi ukionyesha kwamba wanazaana, labda kwa kupatikana funza au jike aliyekwisha kupandwa, mstari huchorwa kwenye ramani. California hupima maili nne na nusu, yaani kilomita 7 hivi, kutoka mahali alipopatikana. Mkulima wa biashara aliye ndani ya mstari hunyunyizia chambo chenye dawa kwa siku 30 kabla ya kuvuna, au huyapitisha mavuno yake kwenye tiba ya kuua funza, ndipo apewe ruhusa ya kuyatoa.

Muda wa karantini hii hauhesabiwi kwa siku. Huhesabiwa kwa vizazi vya nzi: lazima vipite vizazi vitatu bila kunaswa hata mmoja. Kizazi kimoja wakati wa joto huchukua mwezi au zaidi kidogo. Wakati wa baridi hurefuka, kwa hiyo wataalamu husoma vipimajoto badala ya kalenda. Agosti 2024 ndipo California ilipotangazwa kuwa imewamaliza nzi wa matunda wavamizi waliokuwa wameisumbua tangu mwaka uliotangulia. Zile siku arobaini za bandari za Ulaya zimebaki katika jina tu.

Okinawa walingoja zaidi. Nzi anayeshambulia mazao ya jamii ya matango alikuwa amevienea visiwa hivyo, na karela, zao linalopendwa huko, halikuruhusiwa kusafirishwa kwenda sehemu nyingine za Japani mpaka nzi huyo alipotokomezwa mwaka 1993. Silaha ilikuwa madume yaliyotiwa utasa kwa mionzi na kuachiliwa kwa wingi yapandane na majike wa porini bila kuzaa. Wazanzibari wanaifahamu mbinu hiyo: kati ya 1994 na 1997 mbung'o walimalizwa Unguja kwa madume tasa yaliyofugwa Tanga na kudondoshwa kutoka angani.

Ugumu mkubwa zaidi wa istilahi haumo katika neno karantini likiwa peke yake. Umo katika watoto wake. Mkataba wa Kimataifa wa Kuhifadhi Mimea, uliotiwa saini mwaka 1951, una fungu la wadudu na magonjwa ambalo kwa Kiswahili mara nyingi huitwa "visumbufu vya karantini". Msomaji husikia: visumbufu vilivyofungiwa. Maana ya mkataba ni karibu kinyume chake. Ni kisumbufu kinachoweza kuleta hasara katika nchi na ambacho bado hakijafika humo, au kimefika lakini hakijaenea na serikali inakidhibiti. Hakiko karantini, kinazuiwa kisiingie. "Kisumbufu cha kuzuiwa" kingelieleweka na mkulima wa Muheza na karani wa bandari ya Mombasa bila mkalimani. Neno visumbufu lenyewe, linalotumiwa na wataalamu wa Tanzania kujumlisha wadudu, magonjwa na magugu, ni chaguo zuri na linastahili kuvuka mpaka kwenda Kenya, ambako "wadudu waharibifu" huwaacha nje kuvu na virusi.

Fasili hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini Afrika Mashariki haina eneo la karantini la nzi huyu. Alinaswa pwani ya Kenya mwaka 2003, na Tanzania mwaka huo huo. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina la Bactrocera invadens, yaani mvamizi, wakiamini ni aina mpya. Miaka kumi baadaye ilikubalika kwamba ni yule yule dorsalis wa Asia. Kabla ya hapo orodha za forodha zilikuwa na majina kadhaa ya mdudu mmoja, na mizigo ilizuiwa kwa tofauti ambayo haikuwapo. Lakini wakati majina yakijadiliwa, nzi alikuwa amekwisha kuenea sehemu kubwa ya bara la Afrika. Mstari wa kilomita 7 haukuwa na maana tena.

Ndipo lilipokuja neno jingine, marufuku. Afrika Kusini ilipiga marufuku maparachichi ya Kenya mwaka 2007 kwa kumhofia nzi huyu. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe katika soko la Umoja wa Ulaya, baada ya funza kuonekana katika shehena, na haikurudi huko mpaka 2021. Magazeti huyaita mambo haya karantini. Si sahihi. Karantini hutangazwa na mwenye eneo, kwa eneo lake, na ina masharti ya kuondolewa. Marufuku humfikia muuzaji kutoka kwa mnunuzi, au yeye mwenyewe huitangulia ili asifungiwe mlango kabisa. Mkulima anayeelezwa kwamba "embe lake liko karantini" hudhani shamba lake lina ugonjwa. Akiambiwa kwamba mnunuzi anadai uthibitisho kuwa embe halina funza, atauliza uthibitisho huo unapatikanaje.

Na swali hilo lina majibu. Embe linaweza kuzamishwa katika maji ya nyuzi 46 za Selsiasi kwa zaidi ya saa moja, muda ukitegemea ukubwa wake, mpaka funza afe na tunda libaki zima. Mashamba ya jirani yanaweza kuungana kutega nzi, kuokota maembe yaliyoanguka na kuyafukia kwa kina, mpaka idadi ishuke kiasi cha kukaguliwa na kukubaliwa. Makueni na Elgeyo Marakwet zimefanya kazi ya namna hiyo. Kisha hufuata cheti cha usafi wa mimea, kinachotolewa na shirika la afya ya mimea, KEPHIS, kwa Kenya na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa Tanzania.

Isidhaniwe kwamba uvamizi huenda upande mmoja. Aprili 1929 Florida iligundua katika matunda yake ya jamii ya machungwa nzi aitwaye Ceratitis capitata, mzaliwa wa Afrika. Vizuizi vikawekwa barabarani, walinzi wenye silaha wakapekua magari wakitafuta matunda, na mwaka uliofuata nzi akawa ametokomezwa.

Siku moja huenda bandari au kisiwa cha pwani yetu kikalazimika kuchora mstari wake dhidi ya nzi mwingine ambaye bado hajafika. Tangazo la kubandikwa gatini lingeweza kuandikwa hivi: "Eneo hili lina karantini ya matunda. Watu wanapita. Matunda hayatoki. Kula tunda lako hapa, au lifunge katika mifuko miwili ulitie kwenye pipa la taka. Ukiona funza ndani ya tunda, usilitupe shambani. Mwite bwana shamba."