Baraza: Jiwe Lililogeuka Serikali

Neno "baraza" tunalitamka kila siku bila ya kulichunguza. Tuna Baraza la Mawaziri, baraza la Idi, baraza la chifu kule Kenya, na huku ughaibuni jumuiya zetu nazo zina mabaraza ya wazee. Lakini ukimwuliza fundi mwashi wa Mji Mkongwe wa Unguja baraza ni kitu gani, hatakutajia kikao. Atakuonyesha jiwe.

Kwa fundi, baraza ni kiti kirefu cha mawe na chokaa kilichoshikana na ukuta wa mbele wa nyumba. Kiufundi kina faida zake: kinaunenepesha mguu wa ukuta, na masika njia zikijaa maji, watu hupita juu yake. Kwa watu wa Lamu, viti kama hivi vimo ndani ya daka, yaani kile kibaraza chenye paa mbele ya mlango. Hapo mgeni hupokelewa na mwenye nyumba, wakazungumza, na watu wa ndani wasisumbuke.

Asili ya neno ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutoka nje na kujitokeza hadharani. Ndugu zetu walioko Oman wanaijua "barza", kikao cha wazi ambapo mtawala au wali huwasikiliza raia. Hiyo si sawa na sabla, ambayo ni chumba cha wanaume kukutania. Barza ni kule kutokeza kwenyewe.

Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili cha mwaka 1870, alikwisha kuziandika maana zote mbili pamoja: kiti cha mawe, na kikao cha Sultani mbele ya watu. Baadaye maana ya pili ilikua mno. Zanzibar ilipata Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1926, Baraza la Mapinduzi mwaka 1964 na Baraza la Wawakilishi mwaka 1980. Tanzania Bara, lugha yetu yenyewe ilipewa baraza lake, BAKITA, mwaka 1967.

Katika safari hiyo ndefu jina limefika salama, lakini mara nyingi mlango umefungwa nyuma yake. Tusisahau kwamba mwenye nyumba alijenga, kwa gharama yake mwenyewe, kiti cha mpita njia. Aliyekaa pale hakuhitaji mwaliko wala kadi ya uanachama, na lililosemwa pale lilisikika njiani.

Nyumba zetu za ghorofa huku hazina mahali kama hapo. Kumwamkia mzee ni lazima kwanza umpigie simu, na wako wazee wanaomaliza wiki nzima bila ya kuamkiwa. Mabaraza ya wajumbe tunayo ya kutosha. Tunalokosa ni lile la jiwe, na ukumbi mmoja ulio wazi kila Jumamosi, wenye birika la kahawa na bila ya ajenda, ungelikaribia sana.