Merikebu ya Mfalme na Mbao za Jeneza

Ndugu msomaji, mali ni mtihani, na katika mali walizojifakharisha nazo wafalme wa zamani, vyombo vya baharini vilikuwa vya mbele. Natuitazame habari ya chombo kimoja cha mbao na mabwana zake, tupate mazingatio.

Chombo hicho kiliitwa Prince Regent. Kilishushwa majini Portsmouth, Uingereza, mwaka 1820. Hakikuundwa kwa vita wala biashara, bali kilikuwa merikebu ya matanga ya kumtembeza mfalme, nacho kilipambwa kwa anasa za kifalme.

Mwaka 1836 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alimtunuku Mfalme William IV manowari yake Liverpool. Manowari hiyo iliundwa Bombay mwaka 1826 kwa mbao za msaji, nayo ilichukua mizinga zaidi ya 70. Waingereza wakaiita Imaum kwa kumheshimu mtoaji, wakamlipa hisani kwa kumpa Prince Regent. Basi alitoa chombo cha vita, akapewa chombo cha starehe.

Je, alistarehe nacho? Inasimuliwa kwamba aliona mapambo yake yamezidi kiasi kwa mtu Mwislamu, naye akakitoa zawadi kwa Gavana Mkuu wa Kiingereza huko Bara Hindi. Israfu imekatazwa katika dini yetu, na mwenye uwezo akijizuia, kujizuia kwake kuna thamani kuliko kwa asiyekuwa nacho.

Lakini tusimhukumu mtu kwa nusu ya habari. Wala msomaji aliyeko Mitundu, mkoani Singida, asiseme kwamba mambo ya merikebu ni ya watu wa pwani. Utajiri wa dola ile ulitokana na pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kutoka bara hadi pwani, na karafuu zilizochumwa na watumwa Unguja na Pemba. Kukataa mapambo ni jambo jema. Kumfanyia uadilifu yule aliyebeba mzigo ni jambo zito zaidi. Anasa huonekana kwa macho, bali dhuluma hujificha ndani ya faida, hata mcha Mungu akaipita asiione.

Tarehe 19 Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki baharini, akirejea Unguja kutoka Maskati katika merikebu yake Victoria. Binti yake Salme, katika kitabu kilichochapishwa Berlin mwaka 1886, ameeleza kwamba babake aliamuru mbao za jeneza zipakiwe safarini humo.

Mtu aliyemiliki manowari na kugawa merikebu za kifalme, mwisho alihitaji mbao chache tu. Basi kila mmoja wetu, mwenye jahazi au mwenye shamba, na ajiulize mambo mawili: mali yangu naitumiaje, na ni nani aliyeitolea jasho bila ya kupewa haki yake?