Picha ya flipa na picha ya ukumbusho

Siye batu ba Lubumbashi tunajua kazi ya picha. Mu miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi yetu. Picha ya namna ile, mu saloni, tunaiita ukumbusho: mugeni anaiangalia, masimulizi inaanza.

Flipa nayo ilikuwa na picha yake. Mchezo huu ulipata sura yake Chicago, Marekani, mwaka 1947, Gottlieb alipoutia vile vikono vya kupiga mpira wa chuma. Mbele ya mchezaji kulisimama kioo chenye kuchorwa, na pointi zilionekana kwa taa ndogo nyuma ya picha yenyewe. Miaka ya 1950 yalikuja magurudumu ya namba. Mwisho wa miaka ya 1970, namba za umeme. Mu 1991 skrini ya nukta ilianza kuonyesha visinema. Mu 2013, ndani ya The Wizard of Oz ya Jersey Jack, skrini kubwa ilikamata nafasi ya kioo.

Skrini inajisimulia yenyewe. Picha inangojea kinywa cha mutu. Basi, mwenye ukumbusho ku ukuta asiuache kimya: aite batoto, abaelezee.