Tukutuku za Panda

Masikio ya pwani yalisikia piki-piki, nayo masikio ya Katanga, huku Kongo, yakasikia tuku-tuku. Chombo ni kilekile. Ila mimi nawapa haki watu wa Katanga, kwa kuwa mashine za Kibelgiji zilizokuja kwanza zilikuwa na pisitoni moja kubwa, yenye safari ndefu ndani ya silinda, na injini ya namna hiyo ikiachwa ingurume polepole haipigi piki-piki. Hupiga tuku, ikapumzika, ikapiga tuku tena.

Zilitoka Herstal, kitongoji cha Liège. Hapo palikuwa na kiwanda cha bunduki cha FN, kilichoanzishwa 1889, ambacho 1901 kilitoa pikipiki yake ya kwanza na 1905 kikatoa yenye silinda nne iliyozungusha gurudumu kwa shafti badala ya mnyororo. Jirani yake alikuwa Saroléa, naye mtengeneza bunduki wa zamani, na 1919 akaongezeka Gillet. Wabelgiji wakaziita tatu hizo mabinti wa Herstal. FN ya M70, ya sentimita za ujazo 350, iliyotoka 1927, ilivuka jangwa ikapewa jina la Sahara, na jina hilo lilitosha kuiuza kwa mtu yeyote aliyekuwa anapanga safari ya koloni.

Huku Katanga, kampuni ya migodi ya Union Minière ilikuwa imeundwa 1906, na reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi, 1910. Likasi ikageuzwa mji wa viwanda, mtaa wake wa Panda ukawa na mitambo ya kuchambua mawe ya shaba, ule wa Shituru ukawa na ya kusafishia. Mwaka 1931 mji ukaitwa Jadotville, kwa heshima ya mhandisi Jean Jadot. Mwaka huohuo reli ya Benguela ikaunganishwa na ile ya Katanga, na shehena ya Ulaya ikapata njia fupi kupitia bandari ya Lobito.

Nani alipanda? Kwa miaka mingi, mzungu: msimamizi wa mgodi, karani wa serikali, padri mwenye vijiji vingi na barabara mbaya. Mfanyakazi wa kambi alitamani kinga, ndiyo baiskeli, na hiyo nayo ilimla akiba ya muda mrefu. Tusizitazame tukutuku kuukuu kwa macho ya mapenzi matupu. Zilipokuwa mpya zilionyesha nani amekaa na nani anatembea.

Barabara ya Lubumbashi hadi Likasi ni kama kilomita 120, na njiani kuna daraja la mto Lufira. Septemba 1961 wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, 150 na ushee, walizingirwa Jadotville na jeshi la Katanga iliyojitenga. Wenzao waliokwenda kuwaokoa walizuiwa kwenye daraja hilo. Umoja wa Mataifa uliuingia mji Januari 1963. Miaka hiyohiyo Herstal nako mambo yaliharibika. Ulaya ilikuwa inanunua magari madogo. Gillet na Saroléa zikaacha pikipiki, FN ikafuata kabla miaka ya 1960 haijaisha. Kwa hiyo mji ulipopata jina la Likasi 1966, na Union Minière ilipotaifishwa mwaka uliofuata ikaja kuwa Gécamines, aliyekuwa na FN tayari alikuwa na yatima.

Halafu ikaja tarehe 30 Novemba 1973. Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na biashara za wageni zigawiwe raia wa Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo. Maduka mengi yalikauka, na mteja wa vipuri akabaki na orodha mkononi.

Hapa ndipo Panda inapoingia kwa haki yake. Panda ina Ateliers Centraux, karakana kuu za kampuni, zenye tanuru la kumimina chuma na mashine za kukereza. Kazi yao ni vipuri vya migodi, si pikipiki. Lakini aliyejifunza kukereza ekseli ya pampu atashindwaje na bushi ya Saroléa? Historia ya pikipiki kuukuu, popote duniani, ni historia ya vipuri, na mji wenye mkereza vyuma hauzikwi na tangazo la kiwanda kilichofungwa.

Tazama kazi yenyewe. Vumbi jekundu la Katanga hupenya kwenye kabureta, likala silinda hadi tundu lililokuwa duara linakuwa kama yai. Fundi hulitoboa upya, akatafuta pisitoni iliyozidi unene kidogo, hata ya mashine nyingine, akairekebisha. Kama chuma hakitoshi kutobolewa tena, hukereza ala ya chuma cha kumimina, akaisukumiza ndani. Bushi ya juu ya konrodi ni ya shaba iliyochanganywa na bati, karibu sehemu tisa kwa moja. Shaba ni ya hapahapa, na bati lilichimbwa Manono, Katanga ileile ya zamani.

Kinachosumbua zaidi ni magneto. Ni kitu kizuri, maana hutoa cheche bila betri, na pikipiki huwaka popote. Lakini mvua za Novemba hadi Aprili huilowesha, joto hulainisha gundi ya nyaya, na cheche hupotea injini ikishapata moto. Dawa ni kuisuka upya, waya wa shaba mwembamba kama unywele, mzunguko baada ya mzunguko. Shaba ya Katanga ilikuwa inasafirishwa kusafishwa Ubelgiji. Huenda waya wa kwanza wa magneto ile ulikuwa umeshatoka hapa ukarudi.

Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, wakalala kituo cha treni wakiuza kwa bei ya kutupa walichoshindwa kubeba. Wengi walikuwa watu wa ufundi. Gécamines ikaporomoka, mishahara ikakaa miezi bila kulipwa, na 2003 wafanyakazi 10,655 wakaondoka kwa mpango wa hiari uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa ameshawaita wafanyakazi wa kampuni hiyo wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Ujuzi ukatoka getini, ukakaa barabarani chini ya mwembe.

Siku hizi barabarani ni pikipiki za India na China, za teksi, rahisi kununua na rahisi kutupa. Sizidharau, zinalisha watoto. Lakini FN ya M13, iliyotoka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, fundi anaweza kuifungua yote na kuitengenezea karibu kila kipande. Hizi za leo zinangoja kontena.

Adui aliyebaki ni mizani. Vyuma chakavu, ambavyo Katanga huitwa mitraille, hununuliwa kwa kilo, na injini ya chuma cha kumimina ina kilo nyingi. Ukiwa na fremu nyuma ya nyumba ya babu, kabla hujamwita mnunuzi, futa kutu ubavuni mwa injini, soma namba, iandike pamoja na jina la aliyeipanda na mwaka alioinunua.