Haki ya Kujihami: Kutoka Kanuni ya India hadi Jebel, Juba

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Sheria ya jinai inaikubali methali hiyo nusu tu, na katika makala haya tunakusudia kuonyesha ni nusu ipi. Tunaitazama historia ya haki ya raia kuua anapojihami, tukiishia Jebel, eneo la Juba lililo chini ya mlima uliolipa jina. Neno hilo ni la Kiarabu, na sisi tunalo katika sura ya jabali.

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Kujitetea ni neno pana: mshtakiwa hujitetea kwa maneno mbele ya hakimu. Kujihami ni kujikinga na hatari wakati inapotokea. Anayeua kwa kujihami leo atalazimika kujitetea kesho, na ndipo sheria inapoingia.

Chimbuko la sheria tunayoizungumzia ni Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo rasimu yake ya awali iliongozwa na Macaulay katika miaka ya 1830. Waingereza waliieneza kotekote. Kenya, Uganda na Tanganyika ziliitumia hadi 1930, zilipopewa kanuni nyingine. Sudan iliichukua kuwa kielelezo cha kanuni yake ya 1899, kisha ya 1925. Khartoum ilipoleta sheria za Kiislamu mwaka 1983, mapokeo hayo yalitikiswa, lakini Sudan Kusini iliyarudia katika Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya 2008, miaka mitatu kabla ya uhuru.

Mapokeo hayo yanasemaje? Raia anaweza hata kuua iwapo ana sababu ya kweli ya kuhofia kifo au jeraha baya, au akishambuliwa kwa nia ya kubakwa au kutekwa nyara. Anaweza pia dhidi ya unyang'anyi au anayevunja nyumba usiku. Lakini nguvu isizidi inayohitajika, na hatari ikipita, haki nayo imepita: anayemfuata mwizi anayekimbia akamwua hajihami tena, analipiza. Aliyevuka mpaka kwa nia njema hahesabiwi mwuaji wa kukusudia, ila haachwi huru.

Kuna sharti jingine, nalo ndilo kiini cha makala haya: haki haipo pale ambapo mtu alikuwa na wasaa wa kukimbilia mamlaka ya dola. Kwa maneno mengine, raia hushika silaha kwa niaba ya askari ambaye hajafika.

Je, askari mwenyewe akiwa ndiye hatari? Mnamo Julai 2016, vikosi vya serikali na vya Riek Machar vilipigana Juba, na Jebel ikawa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Tarehe 11 Julai, wanajeshi wa serikali waliivamia hoteli ya Terrain, wakamwua mwandishi wa habari na kuwabaka wafanyakazi wa misaada. Waliokuwa ndani waliomba msaada kwa simu. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa kiasi cha kilomita moja tu, wala hawakufika. Kanuni ya 1860 ilimkinga mtumishi wa umma anayetenda kwa nia njema chini ya cheo chake, ila si pale ambapo kitendo chake kinatia hofu ya kweli ya kifo au jeraha baya. Kwa hiyo, kisheria, wahanga wa siku ile walikuwa na haki ya kujihami. Walichokosa ni uwezo.

Mwezi Septemba 2018 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani askari 10, na familia ya marehemu ikaamriwa kulipwa ng'ombe 51. Fidia hiyo si ajabu: sheria ya 2008 yenyewe huwaruhusu jamaa wa aliyeuawa kuchagua dia ya kimila, na mahakama inaweza kuikubali badala ya hukumu ya kifo, pamoja na kifungo kisichozidi miaka 10.

Tunachojifunza ni kwamba haki ya kujihami iliandikwa kwa ajili ya nchi ambayo askari wake huchelewa, si nchi ambayo askari wake huogopwa. Pale askari anapoogopwa, kila mtu hutafuta bunduki yake, na ile nusu ya methali iliyokataliwa na sheria hurudi kwa mlango wa nyuma.