Usikiliziaji: Istilahi ya Chumba cha Masteringi

Katika chumba cha masteringi, ambamo muziki uliokwisha changanywa hupewa sura yake ya mwisho kabla ya kukatwa katika sahani au kupelekwa hewani, yako mambo mawili yasiyotengana: njia ambayo sauti hupitishwa kutoka chombo hata chombo, na njia ambayo sikio la fundi huletewa habari za yaliyotendeka humo. La kwanza naliita uelekezaji wa mkondo, wala sioni hitilafu ndani yake, maana mkondo wa umeme tumekwisha uzoea. La pili, ambalo mafundi wetu hulitaja kwa Kiingereza, monitaringi, lataka kufikiriwa kwa utulivu.

Tafsiri iliyoenea maofisini ni ufuatiliaji, nayo kwa miradi na bajeti yafaa sana. Lakini afuatiliaye huja nyuma ya jambo, hali fundi wa masteringi yumo ndani ya jambo lenyewe, mkono u juu ya kitufe na sikio li mbele ya spika, na hukumu yake hutoka papo hapo. Napendekeza usikiliziaji. Mtu atajiwapo bei asiyoiamini husema, "Ngoja nisikilizie kwanza," naye hakusudii kutega sikio tu, bali kuionja hali ilivyo kabla ya kukata shauri. Na kazi ya fundi ni hiyo hiyo, isipokuwa yeye huifanya kwa sikio hasa.

Sauti iingiapo katika meza ya masteringi hupita kwenye ekwalaiza, kompresa na limita, na kila chombo kina kitufe chake cha kukiingiza njiani au kukitoa. Kando ya njia hiyo lipo tawi la sikio, liwezalo kuchota sauti popote: asili kabla haijaguswa, au matokeo baada ya vyombo vyote, au yale yaliyokwisha geuzwa kuwa tarakimu na kurejea. Fundi hubonyeza, akalinganisha ya kale na mpya. Hapa ndipo penye hatari, kwa kuwa sikio la binadamu hughushiwa kwa urahisi: sauti iliyozidi hata kwa nusu ya desibeli aghalabu huonekana bora, ijapokuwa haina ubora wowote iliouongeza. Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell huko Marekani, walibainisha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, besi hupungua masikioni kuliko sauti za kati. Kwa hiyo meza njema ina kirekebishi cha kusawazisha ukubwa wa sauti mbili zinazolinganishwa, nacho hukaa katika tawi la sikio peke yake, kisiuguse kamwe mkondo unaokwenda kurekodiwa. Bila insafu hiyo, fundi husifu ukubwa akidhani asifu uzuri. Kwa sababu iyo hiyo Bob Katz, fundi wa Marekani, alishauri spika zipimwe na kuwekwa katika kiwango kisichobadilika, desibeli 83 kwa kila spika, ili kumbukumbu ya sikio iwe na mahali pa kusimama.

Istilahi lakini lazima iwe na mpaka, na mpaka wa hii waonekana katika ukataji wa sahani za santuri. Mashine ya kukatia hutaka kujua mapema kama besi nzito yaja, ipate kuachanisha mifereji isigongane. Basi mashine ya kanda iliwekewa kichwa cha ziada, kilichousoma mkanda kabla ya kile cha kukatia, na mkanda ukazungushwa njia ndefu kati ya viwili hivyo. Mzunguko mmoja wa sahani ya 33⅓ huchukua sekunde 1.8, na kwa mkanda uendao inchi 15 kwa sekunde huo ni urefu wa inchi 27. Kwa ajili hiyo meza za zama za kanda zilikuwa na mikondo miwili, mmoja wa kichwa cha ziada na mmoja wa kile cha kukatia, na lolote alilolitenda fundi katika mmoja ilimpasa alitende sawasawa katika wa pili, la sivyo mashine ingetayarisha nafasi ya muziki mwingine. Mkondo ule wa kwanza nauita mkondo wa utangulizi, wala siuhesabu katika usikiliziaji, kwa kuwa ulikwenda kwa mashine ya kupanga mifereji, isiyo na sikio wala hukumu, ipokeayo taarifa na kusogea.